Barua ya Uhamisho Haikutaja Nywele

Ilitaja cheo, tarehe, kituo kipya cha kazi,
posho ya kujikimu, mizigo isiyozidi tani moja.
Nywele haikuzitaja.
Nikazibeba bure, kichwani, toka Muheza
hadi hapa Nkuhungu, chumba na sebule,
dirisha linalotazama upepo.

Kwetu hewa ni nzito, imejaa maji.
Alfajiri nywele zimetulia kama watoto wa chuoni;
ikigonga saa nne zimevimba, zimejisokota,
kila msokoto na hoja yake.
Nikizibana, zinatorokea kisogoni.
Nikizinyoosha kwa moto, hewa inazirudisha.
"Mwajabu," Mama akisema, "kichwa chako
kingelipa kodi ya chumba cha pili."
Miaka thelathini na moja niliilaani hewa ile.
Naitaka radhi.

Hapa Julai huja na upepo usiojua hodi.
Juma la kwanza nywele zilinywea.
Juma la pili zikaanza kusema, kach, kach,
kama mabua ya uwele yakikanyagwa.
Maji ya bomba yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu,
na chanuo la mti alilonipa bibi
likang'oka jino, la tatu kutoka mwisho.
Nililitafuta sakafuni, nimepiga magoti,
kama mtu aliyepoteza jino lake mwenyewe.

Mafuta ya nazi? Asubuhi ya kipupwe
yameganda chupani, meupe, magumu.
Nikayachokoa kwa kijiko cha chai.
Nikaanza kujifunga kitambaa cheusi.
Chiwanga wa masijala akaniuliza, kwa upole sana,
msiba ni wa nani.

Ndipo nikaenda kwa Mbeleje, nyuma ya soko la Majengo.
Alishika unywele mmoja, akaulowesha,
akaungoja, kama mtu anayengoja maji ya ugali yachemke.
"Wewe wa pwani." Hakuuliza.
"Kule hewa ilikunyweshea. Hapa utamwagilia mwenyewe."
Maji kwanza, ndipo mafuta, akasema,
tena ya alizeti, hayagandi ovyo.
Usiku jifunge kitu kinachoteleza,
hata bitana ya koti kuukuu.
Na maji ya mvua, siku ukiyapata,
yafiche kama fedha za mahari.

Kisha akachukua mkasi.
Nikamwambia hapana.
Akasema kwao Mpunguzi mzabibu
hauombwi ruhusa ndipo upogolewe.
Nikamwambia mimi si mzabibu.
Alicheka mpaka akakaa,
halafu akakata, upana wa vidole viwili.

Upepo ukazizoa kabla hajashika ufagio.
Nywele zilizolelewa Muheza
ziko huko sasa, zimenasa kwenye michongoma ya watu.
Labda kuna ndege amepata godoro.

Sijapona. Nisidanganye.
Msokoto mmoja, juu ya sikio la kushoto,
umerudi mzima; wengine wanamsikilizia.

Jana umeme ulikatika.
Nikavua sweta gizani, na kichwa kikatoa cheche,
ndogo ndogo, za buluu, zikilia kama chumvi motoni.
Nikampigia Mama.
"Nywele zangu zinawaka," nikamwambia.
"Basi umeokoa kiberiti."
Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kinapiga bati,
kinapiga bila haraka, hakina pa kwenda.
"Mvua hiyo?"
"Mvua gani tena, mwanangu. Manyunyu tu."

Nikamwomba asikate.
Asiseme neno, aiweke simu dirishani
akalale.

Nikakaa kitandani, simu sikioni,
mpaka salio likaisha,
na kichwa kizima
kikisikiliza.